Bati la Kanisa na Ngoma ya Kwaya

Wapo wanaosema kwamba kuchangia kanisa katika mji kama Goma, mashariki mwa Kongo, ni anasa, kwani watu wanataka unga na dawa kwanza. Hoja hiyo ina huruma, nami siidharau. Lakini tujiulize: vita vikiwaka katika wilaya za jirani za Masisi au Rutshuru, wanaoshuka mjini na magodoro kichwani hulala wapi usiku wa kwanza? Hulala madarasani na kwenye sakafu za makanisa. Aliyetoa bati la kanisa ametoa malazi.

Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, lava ilipita katikati ya mji ikateketeza hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Lava hiyo imewaachia watu mawe ya kujengea kila upande; kilicho ghali ni mbao, saruji na bati. Na bati lenyewe halikai, maana moshi wa volkano ukichanganyika na mvua huwa tindikali, kutu ikala misumari kwanza, kisha paa. Basi msitume fedha za mnara. Nunueni bati nene lililopakwa rangi, mlipeni seremala wa mtaa wa Birere au Majengo, na hesabu isomwe mbele ya waumini hadi bei ya msumari.

Juu ya muziki nasema kwa mkazo zaidi. Katika mji ambao kijana asiye na kazi hupewa bunduki upesi kuliko jembe, mazoezi ya kwaya humpa wenzake, saa ya kufika, na mwalimu wa sauti anayeuliza alikuwa wapi jana. Hilo si jambo dogo! Toeni ngoma, kayamba, gitaa na nyuzi za akiba. Spika kubwa zinazomeza mafuta ya jenereta acheni kwanza.

Waasi wa M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifungwa, na wakimbizi wakaamriwa kuondoka kambini warudi vijijini. Sadaka ya Jumapili itatoka wapi? Wakristo wa Bukavu, Bujumbura, Kampala na Nairobi, nanyi mlio Ulaya na Marekani, mwumini wa Goma ndiye jirani yenu. Mwulizeni mchungaji kinachohitajika, kisha mwulizeni na mama anayeongoza kwaya, kwa kuwa yeye ndiye anayejua paa linavuja wapi.