Umenunua Zoom ipi?

Wadau, mwaka 2020 corona ilipofunga maofisi, dunia nzima ikahamia kwenye mikutano ya Zoom. Wenye hela wakakimbilia hisa zake. Wengine wakanunua ZOOM, kumbe hiyo ilikuwa alama ya Zoom Technologies, kampuni nyingine kabisa! Zoom ya video ni ZM. Machi 2020 SEC, yaani msimamizi wa masoko ya hisa Marekani, ikasimamisha kwa muda uuzaji wa ZOOM.

Ndiyo maana kuna programu kama OpenFIGI. Unaiandikia alama ya soko, inakupa FIGI: kitambulisho chenye herufi na tarakimu 12. Alama hubadilika, mfano Facebook iliacha FB ikawa META mwaka 2022. FIGI yenyewe haibadiliki, na kuitafuta ni bure. Kuna namba nyingine ya Marekani, CUSIP, ambayo mashirika huilipia leseni, na mwaka 2022 ada hizo zilifikishwa mahakamani New York.

Faida yake hata kwetu ipo. Hisa ya KCB imeorodheshwa Nairobi, Dar, Kampala na Kigali. FIGI inatofautisha soko na soko.

Ila tusidanganyane. Programu haijui moyo wako unataka nini. Ukiipa alama ya kampuni siyo, itakurudishia kitambulisho sahihi cha kampuni hiyo hiyo siyo! Soma kwanza jina kamili, soko na nchi, ndiyo utoe hela.

Mnasemaje wadau?