Kabla Hujalifungia Maandazi

Ukitaja magazeti kama chanzo mbele ya watu wa historia ya tiba, wengi huguna. Gazeti la jana, kwao, kazi yake ni kufungia maandazi. Nimezisikia hoja zao mara nyingi kiasi cha kuzikariri, na kila moja ina ukweli kidogo ndani yake.

Wanasema magazeti hutia chumvi. Hutia kweli, wakati mwingine gunia zima. Lakini hata kosa la gazeti lina asili yake. Homa iliyoua mamilioni ya watu mwaka 1918 iliitwa ya Kihispania, ingawa hakuna ushahidi kwamba ilianzia Hispania. Ufaransa, Uingereza na Ujerumani zilikuwa vitani, na serikali zake zilizibana habari za kuvunja moyo askari na raia. Hispania haikuwamo vitani. Magazeti ya Madrid yakaandika waziwazi, na Mfalme Alfonso XIII naye alipougua mwezi Mei, habari zikasambaa. Aliyesema ndiye aliyebandikwa ugonjwa. Anayetafuta chimbuko la kirusi hataliona kwenye kurasa hizo, ila anayetaka kujua nani alificha nini atakuta jina lenyewe la homa linamjibu.

Wanasema tena kwamba majarida ya madaktari yanatosha, maana yameandikwa na wajuzi. Hapa huwa nawauliza kuhusu jaribio la Tuskegee. Tangu 1932 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia mamia ya wanaume weusi wa Alabama wenye kaswende bila kuwatibu, hata penisilini ilipokwisha kuwa dawa ya kawaida ya ugonjwa huo. Hilo halikufichwa kwa madaktari: ripoti zake zilianza kuchapishwa kwenye majarida yao mwaka 1936, na nyingine zikafuata. Wajuzi walisoma, na karibu wote wakafunua ukurasa uliofuata. Julai 1972 habari iliyoandikwa na Jean Heller wa shirika la Associated Press ilipotoka magazetini, nchi ilishtuka, na jaribio likasimamishwa mwaka huohuo. Mambo ni yaleyale. Jaridani yaliitwa utafiti, gazetini yakaonekana ukatili. Ukisoma upande mmoja tu, hutajua ilikuwaje miaka 40 ikapita.

Hoja ninayoipenda kuliko zote ni ile ya matangazo ya dawa: eti ni takataka, yakatwe, zihifadhiwe makala tu. Mtu wa namna hiyo asipewe mkasi. Mwaka 1875, katika mji wa Lynn, Massachusetts, Lydia Pinkham alianza kuuza dawa ya mitishamba ya maradhi ya wanawake. Ilikuwa na kileo takriban asilimia 18, kuzidi divai nyingi. Sura yake ya kibibi ilienea kwenye magazeti, na wasomaji wakaalikwa kumwandikia Bi. Pinkham shida zao. Waliandika kwa wingi. Alifariki 1883, na majibu yakaendelea kutoka! Mwaka 1905 jarida la Ladies' Home Journal, ambalo mhariri wake Edward Bok alikuwa ameacha kupokea matangazo ya dawa za namna hiyo tangu 1892, likachapisha picha ya jiwe la kaburi lake.

Utapeli, basi. Lakini tangazo liliahidi jambo moja: barua itafunguliwa, itasomwa na kujibiwa na mwanamke. Ahadi hiyo isingeuza chupa hata moja kama wanawake wasingekuwa wanaona haya, au wanaogopa, kumweleza daktari mwanamume habari za hedhi na kizazi. Daktari angeliandikaje kwenye daftari lake jambo ambalo hakuambiwa?

Nakubali kwamba hapa gazeti nalo lina doa. Mwaka huohuo wa 1905 jarida la Collier's lilifichua mikataba ya matangazo yenye kifungu kilichosema kwamba jimbo likitunga sheria ya kuzibana dawa hizo, mkataba umekufa. Mhariri alijua atakachopoteza akifungua mdomo. Kwa hiyo kimya cha gazeti nacho kisomwe, pamoja na risiti zake.

Kuna wanaosema hayo ni ya Marekani, kwetu hakuna kitu. Hawa sina muda nao sana. Waende Loliondo, Tanzania, ya mwaka 2011. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alipogawa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 kijijini Samunge, magazeti yetu yaliandika kwa wiki nyingi. Kama kikombe kiliponya, usiyaulize magazeti. Yaulize foleni ya magari ilikuwa na urefu gani, nauli zilipandaje, wagonjwa walitoka mikoa gani. Rejista ya wodi huandika tu kwamba kitanda kimebaki wazi. Aliyekuwa amekilalia yumo pichani, ukurasa wa mbele, amejifunga shuka barabarani akingoja zamu yake.