Breki zinazolia zisipuuzwe

Juma lililopita nilisafiri kutoka Bungoma kwenda Malaba kwa gari dogo ambalo, kwa kukisia tu, lilikuwa na umri mkubwa kuliko wanafunzi wangu wa kidato cha nne. Tulikuwa abiria wanane mahali pa watano. Kila dereva alipokanyaga breki, gurudumu la mbele la kushoto lilitoa mlio mwembamba na mkali, kama wa kisu kinachonolewa. Dereva akaongeza sauti ya redio. Hakuna aliyetamka neno, na mimi niliyefundisha fizikia miaka mingi nilinyamaza kama wengine. Ni aibu ya kimya hicho inayonifanya niandike leo.

Wanaoijua Malaba wanajua jinsi malori yanavyopanga foleni yakingoja kuvuka kuingia Uganda. Tulipoufikia mkia wa foleni hiyo, dereva alikanyaga breki na pedali ikashuka kuliko kawaida. Gari likavutwa kulia, upande wa magari yanayokuja. Kwa bahati hapakuwa na gari lililokuwa likija. Alikata usukani kwa nguvu, tukaishia katika shamba la mihogo, wazima, isipokuwa mama mmoja aliyepoteza trei ya mayai.

Fundi aliitwa kutoka chini ya mwembe uliokuwa karibu. Alipiga jeki, akatoa gurudumu, akatuonyesha. Pedi ya nje ilikuwa na unene wa kutosha. Ile ya ndani haikuwa na chochote: chuma kitupu kilikuwa kikisaga diski, nayo diski imechimbika mifereji. Vyuma ambavyo kishikio cha pedi huteleza juu yake vilikuwa vimeshikwa na kutu, hivyo pedi moja ikawa inafanya kazi ya mbili. Mtu aliyechungulia kati ya matundu ya gurudumu angeiona ile ya nje na kwenda zake akiwa ameridhika.

"Mwalimu," dereva aliniambia kwa sauti ya chini, "tajiri alisema nivumilie hadi mwisho wa mwezi."

Sina haja ya kumlaumu dereva peke yake. Sheria zetu huutazama sana umri wa gari wakati linapoingia nchini. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililopita miaka 8, na Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 uingizaji wa magari ya miaka 15 na zaidi. Ni vyema. Lakini gari likishaingia huishi miaka ishirini mingine mikononi mwetu, likibeba watu, mahindi na saruji. Magari ya abiria hukaguliwa mara moja kwa mwaka, ilhali pedi za gari linalosimama kila kituo kutwa nzima, tena likiwa limejazwa kupita kiasi, zaweza kwisha katika miezi michache. Karatasi ya ukaguzi haizuii gurudumu.

Pedi mpya huwa na unene wa takribani milimita 10 hadi 12 za kile kitu kinachosuguana na diski. Zikibaki milimita 3, wakati wa kuzibadilisha umefika. Asitokee mtu akasema zidumu kilomita kadhaa, kwani mzigo, miteremko, matope na mazoea ya dereva ndivyo vinavyoamua. Pedi nyingi zina kibati kidogo kilichowekwa makusudi ili kiguse diski na kulia pedi zinapokaribia kwisha. Mlio huo ni onyo. Ukigeuka kuwa mkwaruzo mzito, onyo limekwisha kupita na gharama ya diski imeongezeka. Kwa magari makuukuu ambayo magurudumu yake ya nyuma hutumia ngoma, hakuna cha kuchungulia. Sharti ngoma ivuliwe, na kama vichwa vya ribiti vimekaribia kufikia uso wa bitana, kazi imekwisha.

Liko kosa jingine ambalo nimeliona hata kwa watu wasomi. Pedi zinapolika, mafuta ya breki hushuka polepole katika chupa yake. Mwenye gari huyaongeza, akafurahi, kumbe amefuta ushahidi. Kabla ya kuongeza, atazame pedi, na kama hazijalika, atafute panapovuja. Wapo pia wanaonunua pedi za upande mmoja ili kuokoa fedha. Magurudumu mawili ya ekseli moja hubadilishiwa pamoja, la sivyo gari litavuta upande kama lilivyotuvuta sisi.

Siwezi kuwasahau vijana wanaojifunza kazi katika gereji za Busia, ambako vipuri hufika kutoka barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi na soko la Kisekka jijini Kampala. Wengi wao hupuliza vumbi la breki kwa mdomo. Bitana za zamani zilikuwa na asbestosi, ambayo huharibu mapafu baada ya miaka mingi. Kitambaa kilicholoweshwa maji kinatosha.

Busia ndiko neno bodaboda lilikozaliwa, enzi za baiskeli zilizovusha watu na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka. Nimewaona waendeshaji wake wakisimama kwa kukandamiza tairi kwa soli ya kandambili baada ya raba za breki kwisha. Tulicheka. Baiskeli haina uzito wa gari lenye watu tisa, lakini nahisi kicheko kile tulikihamishia kwenye magari.

Walimu wenzangu wa sayansi hufundisha msuguano kwa kipande cha mbao kinachoburutwa mezani. Shule nyingi zina basi au pikapu kuukuu nje ya dirisha la darasa hilohilo. Gurudumu moja litolewe kila muhula mbele ya wanafunzi, wapime kwa rula pedi ya ndani na ya nje, waandike tarehe na vipimo daftarini, na daftari hilo lipelekwe kwa halmashauri ya shule pamoja na hesabu za karo. Jumatatu nitaanza na pikapu yetu. Dereva nimemwomba aje na jeki.