Mawimbi ya sauti yasaidie kugundua saratani ya ini

Mficha maradhi kifo humuumbua, walinena wahenga. Lakini katika saratani ya ini, ugonjwa wenyewe ndio unaojificha. Aghalabu mgonjwa huhisi maumivu wakati uvimbe umekwisha kukua. Miongoni mwa visababishi vyake ni homa ya ini ya aina ya B na sumu ya ukungu wa mahindi, ile ile iliyoua watu 125 nchini Kenya mwaka wa 2004.

Hata hivyo, damu huweza kuufichua uvimbe huo. Ini lenye afya hupata takriban robo tatu ya damu yake kupitia mshipa utokao matumboni, na robo iliyosalia kupitia ateri. Saratani iliyoanzia kwenye ini hulishwa zaidi na ateri. Basi daktari humdunga mgonjwa viputo vya gesi, vidogo kama chembe nyekundu za damu, kisha hulitazama ini kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Viputo hutetemeka na kurudisha mwangwi. Katika nusu dakika ya kwanza hivi, uvimbe hung'aa kuliko ini linalouzunguka. Baada ya dakika moja, mara nyingi huanza kufifia. Gesi hiyo hutoka kwa pumzi. Marekani iliidhinisha aina moja ya viputo hivyo kwa uchunguzi wa ini mwaka wa 2016.

Uchunguzi huu hautumii miale wala hauzilemei figo. Waweza kurudiwa baada ya matibabu ili kubaini kama damu imekoma kuingia katika uvimbe.

Wapo watakaosema kwamba mashine hii haioni ini zima kwa mara moja, na kwamba mafuta mengi mwilini huififisha picha. Ni kweli. Picha za CT zingali zinahitajika ili kujua ugonjwa umeenea wapi. Lakini upungufu huo si sababu ya kuupuuza ujuzi huu.

Hivyo basi, vyuo vyetu vya tiba viwafunze wataalamu kuisoma picha hii, na hospitali zipatiwe viputo. Nao walimu wawaonyeshe wanafunzi kwamba somo la mwangwi na lile la mzunguko wa damu hayakuwekwa kwa ajili ya mtihani tu. Mashine bila mjuzi ni pambo, na pambo haliponyi mgonjwa.