Shokomzoba ya Kawaida Si Ushamba

Nianze na msimamo wangu ili tusipotezeane wakati. Mtu anayeng'oa saspensheni ya kielektroniki iliyokufa kwenye gari lake, akafunga shokomzoba za kawaida, hajarudi nyuma, hajaharibu gari, na hana haja ya kumwomba mtu yeyote msamaha. Wa kulaumiwa ni yule aliyeunda gari hilo na kuliandikia programu ambayo humzomea mwenye gari kila anapowasha injini, eti kwa sababu amefanya jambo la busara.

Nayasema haya mimi ambaye riziki yangu inatokana na kuandika programu. Wengi hutarajia mtu kama mimi atetee kila kitu chenye chipu ndani yake. La. Kuijua kompyuta ndiko kunakonifanya niulize: hii imewekwa kwa faida ya nani?

Kwa wale ambao hawajawahi kulala chini ya gari, tuelewane kwanza. Kwenye kila gurudumu kuna kazi mbili tofauti. Springi hubeba uzito wa gari. Shokomzoba, ambayo fundi wako huenda anaiita shoki tu, huituliza hiyo springi isiendelee kudundadunda baada ya gari kupanda tuta au kuingia shimoni. Ndani yake mna pistoni inayosukumwa kwenye oili, na oili hiyo inalazimika kupita kwenye vitundu vidogo vyenye vali. Oili haipiti kwa urahisi, mdundo unageuka kuwa joto, gari linatulia. Basi. Hakuna uchawi hapo.

Shida ya shokomzoba ya kawaida ni kwamba ugumu wake uliamuliwa kiwandani. Ikiwa laini, utastarehe kwenye barabara mbovu lakini gari litalala kwenye kona. Ikiwa ngumu, gari litashika barabara vizuri lakini kila shimo utalihisi mgongoni. Ndipo wahandisi wakajiuliza: mbona vali isibadilike gari likiwa linaenda? Mwaka 1983 Toyota ikaweka mfumo wake wa TEMS kwenye Soarer. Mwaka 1998 Mercedes-Benz ikaja na AIRMATIC kwenye S-Class, ambapo springi ya chuma iliondolewa ikawekwa mifuko ya mpira iliyojaa hewa. Mwaka 2002 General Motors ikaleta MagneRide kwenye Cadillac Seville: shokomzoba yenye oili iliyochanganywa na chembe za chuma, ambayo ikipata nguvu ya sumaku huwa nzito papo hapo. Sensa zinasoma jinsi magurudumu yanavyopanda na kushuka, kompyuta inapiga hesabu, umeme unatumwa, na yote hayo yanatokea kabla hujamaliza kupepesa jicho.

Ni kazi nzuri sana. Asitokee mtu akasema naipinga. Gari jipya lenye mfumo huo linapita barabarani kama dau kwenye maji matulivu. Ugomvi wangu unaanza miaka 8 baadaye.

Na hapa kwetu, miaka 8 si mwisho wa gari. Ni mwanzo! Kiwango chetu cha KS 1515 hakiruhusu gari lililotumika kuingia nchini likiwa limepita miaka 8, kwa hiyo magari mengi hushuka Mombasa yakiwa yameshakaribia umri huo. Huko yalikotoka yameshamaliza dhamana na mwenye nayo anayaona yamezeeka. Hapa ndiyo kwanza yanapata namba ya usajili. Yanasubiriwa na matuta yasiyo na alama, vumbi la murram, madimbwi ya Aprili, na magunia ya viazi kutoka Kinangop. Baada ya muda, taa inawaka kwenye dashibodi. Sasa anza kutafuta bei.

Hoja yangu ya kwanza ni ya muundo, na mtu yeyote aliyewahi kuandika programu ataielewa upesi. Kitu kinachochakaa hakifai kufungwa pamoja na kitu kisichochakaa. Shokomzoba huchakaa, iwe ya kisasa au ya zamani. Mara nyingi kinachoanza kuisha ni kisili cha mpira kinachozuia oili kuvuja, na kisili hicho kinafanana na kile cha shokomzoba ya kawaida. Lakini kwenye mifumo mingi ya leo, vali ya umeme na waya wake vimejengwa ndani ya shokomzoba yenyewe. Mpira mdogo ukipasuka, unatupa umeme mzima ambao haukuwa na kosa lolote, kisha unanunua mwingine kwa bei ya mara kadhaa ya shokomzoba ya kawaida. Na zinauzwa moja moja, huku gari likiwa nazo nne.

Usiniambie haiwezekani kutengeneza vingine. Kwenye ile TEMS ya miaka ya 1980, mota ndogo ya umeme ilikaa juu ya shokomzoba. Unaifungua, unaiweka kando, unabadilisha chuma kilicho chini, unairudisha. Walioibuni walielewa kwamba kimoja kitakufa kabla ya kingine. Waliokuja baadaye walikuwa na kompyuta kali zaidi, lakini wakavishona viwili hivyo pamoja.

Kwa saspensheni ya hewa mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu ugonjwa mmoja unazaa mwingine. Mpira wa mfuko unazeeka na kupata nyufa ndogo. Hewa inavuja kidogo kidogo usiku. Asubuhi gari limeinama kama ng'ombe anayetaka kulala. Kompresa inafanya kazi mara kwa mara kufidia hewa inayopotea, mpaka nayo inaungua. Ulianza na ufa kwenye mpira, umemaliza na kompresa, na wakati mwingine relei yake pia.

Hoja ya pili: wanaodharau mabadiliko haya wanalinganisha vitu visivyolingana. Utasikia, "Lakini utapoteza teknolojia!" Teknolojia ipi? Mfumo wa namna hii ukipata hitilafu, kwa kawaida kompyuta huacha kuurekebisha na vali hubaki kwenye hali moja. Kwa hiyo gari lenye taa inayowaka tayari linatembelea shokomzoba zisizobadilika, tena zilizochoka. Hapa hatuchagui kati ya mfumo wa kisasa unaofanya kazi na shokomzoba ya kawaida. Tunachagua kati ya maiti ya kisasa na kitu kizima cha kawaida. Shokomzoba iliyochoka huacha gurudumu lidunde, na gurudumu linalodunda halishiki lami vizuri unapofunga breki au kukata kona. Mwenye kuhubiri usalama angemshauri mtu huyo abadilishe leo, wala asingemcheka.

Hoja ya tatu ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu inahusu kazi yetu sisi.

Chukua Volkswagen Golf ya kizazi cha 6, iliyotoka mwaka 2008. Kwa kawaida iliuzwa na shokomzoba za kawaida. Mfumo wa DCC ulikuwa wa kulipia zaidi. Chukua Mercedes E-Class ya W211, iliyoanza 2002: nyingi zilitoka na springi za chuma, nyingine na AIRMATIC. Chukua Land Rover Discovery 3 ya 2004: wengi wanaijua kwa saspensheni ya hewa, ila kulikuwa na toleo la bei ya chini lenye springi za chuma.

Unaona ninapoelekea? Hao watengenezaji wenyewe waliuza gari lile lile bila mfumo huo. Kwa hiyo kuna programu iliyoandikwa, ikajaribiwa, ikaidhinishwa, na ambayo inajua kabisa kuishi na shokomzoba za kawaida. Ndani ya gari kuna orodha ya vifaa vilivyofungwa. Kwa lugha ya wenzangu, ni kigezo kimoja, au vichache: kweli au si kweli. Kubadilisha "ndiyo, ninao mfumo huo" kuwa "hapana, sinao" ni kazi ya dakika chache kwa mwenye kifaa na ruhusa.

Tatizo ni hilo neno ruhusa. Kile kisomaji cha bei nafuu cha ELM327 unachochomeka chini ya usukani hakitakusaidia hapa. Marekani ililazimisha lugha moja ya OBD-II kwa magari ya kuanzia 1996, lakini lengo lilikuwa moshi. Ndiyo maana injini inasomeka na kila mtu, na saspensheni ikaachwa kwa kila kampuni izungumze kilugha chake. Ukitaka kubadilisha kigezo kile, unahitaji programu ya mtengenezaji, na mara nyingine idhini ya seva iliyo ng'ambo. Gari ni lako, logibuku ina jina lako, mkopo unalipa wewe. Lakini kueleza kompyuta ya gari hilo kilichofungwa chini yake, huruhusiwi.

Na mlango ukifungwa, watu hupita dirishani. Soko limejaa vijidude vya kudanganya. Kuna resista unazounga mahali pa vali ya umeme ili kompyuta ione umeme unapita na iamini kila kitu kiko sawa. Kuna visanduku vinavyojifanya mfumo mzima wa hewa. Nakubali vinafanya kazi kwa maana ya kuzima taa. Lakini sivipendi, na nitasema kwa nini. Programu inayokamata hitilafu na kuitupa kimya kimya ni programu mbovu, hata kama haikwami. Kompyuta inaendelea kutoa amri kwa kitu ambacho hakipo. Resista isiyofaa hupata joto kali ikiwa imebanwa kwenye nyaya. Na mtu atakayelinunua gari hilo kesho hataambiwa kitu na dashibodi, maana dashibodi yenyewe imedanganywa.

Sasa nani aliyeleta uongo huu? Simlaumu fundi wa Kirinyaga Road anayetafuta njia ya kumrudisha mteja barabarani. Aliyefunga njia ya ukweli ndiye aliyefungua soko la uongo.

Nijibu pingamizi mbili ninazosikia kila mara.

"Gari lilipimwa na wahandisi likiwa na mfumo ule, wewe ni nani?" Swali zuri. Ndiyo maana sisemi ufunge chuma chochote ulichookota. Funga shokomzoba na springi zinazolingana na uzito wa toleo la kawaida la gari hilo hilo, kwa sababu toleo hilo nalo lilipimwa na wahandisi hao hao. Kama mfumo wako haukuwahi kuwa na toleo la kawaida, hapo nakubaliana nawe: mwenye gari awe mwangalifu sana, na huenda kutengeneza ndiko kuna nafuu.

"Utashusha bei ya kuuza." Kwa nani? Mnunuzi mwenye akili akiona gari la miaka 15 lenye saspensheni ya hewa, swali lake la kwanza ni lini itakufa.

Kwa atakayeamua kubadilisha, afanye kazi kamili. Asibadilishe upande mmoja akaacha mwingine. Gurudumu la kushoto na la kulia ni mapacha. Kama mfumo ni wa hewa, shokomzoba peke yake haitoshi, springi za chuma lazima ziingie, kwa sababu ule mfuko ndio uliokuwa ukibeba gari. Asing'oe sensa za kimo bila kuuliza, maana kwenye magari mengi taa za mbele huzitumia kujipanga zisiwapige macho wanaokuja mbele. Amtafute fundi mwenye kifaa cha kubadilisha vigezo kabla ya kununua resista. Na aandike kwenye karatasi kilichofanywa, iwekwe pamoja na hati za gari. Hiyo karatasi ndiyo heshima kwa mwenye gari anayefuata.

Lakini karatasi ya mtu mmoja haitatosha. Wapiga kura wa Massachusetts, Marekani, walipitisha sheria ya haki ya kutengeneza magari mwaka 2012. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake namba 858 ya 2018, unawalazimisha watengenezaji kuwapa mafundi huru taarifa za matengenezo. Baadhi ya aina za magari zinazolindwa na kanuni hiyo huko hutufikia sisi hapa baadaye. Gari linavuka bahari, haki inabaki bandarini. Sisi tuna nguvu gani? Tunazo. Gari haliruhusiwi kuingia bila kukaguliwa linakotoka. Nchi inayoweza kudai cheti cha breki inaweza pia kudai kwamba orodha ya vifaa vya gari iweze kubadilishwa na fundi yeyote mwenye sifa, bila kumpigia mtu magoti.

Na ninyi wenzangu mnaoandika programu, hasa mtakaoandika za magari: mfumo wenu utakufa kabla ya chuma kinachoubeba. Huo si mkosi, ni hesabu. Basi andikeni njia ya kuaga. Ekeni mahali ambapo mwenye gari anaweza kusema, "kifaa hiki hakipo tena," na kompyuta ikajibu, "sawa, nimeelewa," kisha ikaendelea na kazi. Programu isiyoweza kumwambia mwenye nayo ukweli, wala kupokea ukweli kutoka kwake, haistahili kukaa juu ya magurudumu manne yaliyobeba watoto wa watu.