Mzunguko Ufundishwe Kwanza Ubaoni

Yako maoni yaliyoenea miongoni mwa mafundi wa takwimu kwamba anayejifunza lugha ya R asifundishwe kuandika mzunguko, au afundishwe mwishoni kabisa, kwa kuwa lugha hiyo inazo amri fupi ziwezazo kuishughulikia orodha nzima kwa mara moja. Maoni hayo tumeyasikia hata chuoni. Sisi hatukubaliani nayo, na tungependa kuwaeleza wanachuo sababu zetu, tukianza na kosa tulilolifanya wenyewe.

Kwa wale ambao hawajaizoea, R ni lugha ya kuandikia maagizo ya kompyuta kwa kazi za hesabu na takwimu. Ilibuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na toleo lililohesabiwa kuwa la 1.0.0 likatolewa mwaka 2000. Haiuzwi. Mtu huichukua bure, na ikisha kuingizwa katika kompyuta hufanya kazi hata pasipo intaneti, jambo ambalo kwa shule zetu za Kasulu na Kibondo si dogo. Mzunguko ni agizo la kurudia: mchukue mtoto wa kwanza katika orodha, ufanye hivi na hivi, kisha wa pili, ufanye vivyo hivyo, hata orodha iishe. Wengine huuita kitanzi. Sisi twaona neno hilo liachiwe ule mzunguko usio na mwisho, ambao huinasa kompyuta isiweze kutoka mpaka mtu aukatize.

Basi, wakati wa mazoezi ya kufundisha, mmoja wa wanachuo wetu alipangiwa shule moja ya msingi wilayani Kibondo. Darasa lilikuwa kubwa. Mwalimu wa darasa aliomba msaada wa kupanga matokeo ya jaribio la Hisabati, lililosahihishwa kwa alama 50, ili watoto waliopata chini ya 21 wakusanywe mchana kwa masomo ya ziada. Mwanachuo alituletea orodha, nasi tukamwandikia mzunguko. Hapa tunauonyesha kwa watoto watano tu, bila majina:

alama <- c(34, 27, NA, 41, 18)
matokeo <- character(length(alama))
for (i in seq_along(alama)) {
  if (!is.na(alama[i])) {
    if (alama[i] >= 21) hali <- "amefaulu" else hali <- "asaidiwe"
  }
  matokeo[i] <- hali
}

Herufi NA zina maana kwamba alama haipo. Mtoto hakufanya jaribio. Mwanzoni hatukuuweka ule mstari unaouliza habari ya NA, na kompyuta ikagoma, kwa sababu haiwezi kuamua kama kitu kisichokuwapo kinafika 21 au hakifiki. Kugoma kule kulikuwa na busara, kwani mashine ilikuwa ikituuliza: huyu naye nimfanyeje? Badala ya kulijibu swali tuliliruka. Tuliongeza mstari wa kuwapita wasio na alama, mashine ikanyamaza, nasi tukaridhika.

Mfuateni sasa yule mtoto wa tatu. Zamu yake ilipofika, hakuulizwa chochote. Lakini jina "hali" lilikuwa bado limebeba jibu la mtoto wa pili, mwenye alama 27, nalo likaandikwa kwake: amefaulu. Katika darasa lile la Kibondo mtoto wa namna hiyo alikuwapo. Alikuwa mgonjwa nyumbani siku ya jaribio. Aliporudi shuleni wenzake walikwisha kuanza masomo ya mchana, na jina lake halikuwamo, kwani karatasi yetu ilisema hana haja. Yalipita majuma matatu hata mwalimu alipomwita ubaoni kugawanya 84 kwa 4, na mtoto akasimama akiitazama chaki mkononi mwake. Hapo ndipo mwalimu alipoitafuta karatasi ya majibu ya mtoto yule, asiipate.

Mafundi watasema, na wana haki ya kusema, kwamba lau tungalitumia amri fupi kosa lisingetokea. Ni kweli. Ukiandika ifelse(alama >= 21, "amefaulu", "asaidiwe"), mtoto wa tatu hupata NA na kila mtu huona kwamba habari zake hazijulikani. Hatuna ubishi hapo. Ubishi wetu ni kwamba mwanachuo asiyewahi kuandika mzunguko hawezi kueleza kwa nini amri hiyo ni salama. Hajui kwamba usalama wake umo katika jambo moja: kila mtoto hupimwa peke yake, wala hakuna kinachovuka kutoka kwa jirani. Huitumia kama dawa asiyoijua jina, na siku ikimshinda hana pa kuanzia.

Hoja ya pili ya mafundi ni mwendo. Husema mzunguko katika R ni mzito. Kwa orodha za mamilioni ya mistari, na hasa mtu anapoirefusha orodha ya majibu kidogo kidogo ndani ya mzunguko badala ya kuitengea nafasi mapema kama tulivyofanya hapo juu, hoja hiyo ina uzito. Ingawa tangu toleo la 3.4.0 la mwaka 2017 lugha yenyewe huigeuza mizunguko iwe myepesi zaidi kabla ya kuiendesha. Lakini mwalimu wa shule ya msingi ana watoto mia moja, au mia mbili kwa mikondo miwili. Kazi hiyo huisha kabla hajainua mkono kutoka kwenye kibao cha herufi. Tena, ndani ya zile amri fupi mzunguko upo vilevile, ila umeandikwa na mtu mwingine kwa lugha nyingine.

Twashauri nini, basi? Somo la kwanza la mzunguko lifanyike bila kompyuta. Chuoni kwetu tumelijaribu kwa ufaraguzi wa kawaida. Wanachuo watano hukaa katika mstari, kila mmoja na alama yake katika kipande cha karatasi, na dawati la tatu huachwa tupu. Mmoja hupewa kopo lililoandikwa "hali", nalo huruhusiwa kubeba punje moja tu: harage kwa aliyefaulu, hindi kwa wa kusaidiwa. Mwingine husimama ubaoni na kuchora jedwali lenye safu za zamu, alama, kopo na matokeo. Mwenye kopo hupita dawati kwa dawati na kufanya neno kwa neno kama maagizo yasemavyo, bila kutumia akili yake, na jambo hili ndilo gumu kuliko yote kwa watu wazima. Afikapo kwenye dawati tupu, harage la jirani bado limo. Mara zote mbili tulipolifanya zoezi hili darasa lilipiga kelele kabla ya mwandishi kuandika: kopo halikumwagwa! Dawa yake ni mstari mmoja, hali <- "hakufanya", unaowekwa mwanzoni mwa kila zamu, nao waliutaja wenyewe kabla ya kuelezwa.

Lakini isidhaniwe kwamba kila kopo sharti limwagwe. Iko kazi ambayo kubeba ndiko hasa kunakotakiwa, na kwa mwalimu wa huku ni kazi nzito kuliko kupanga alama. Wakati wa kupanda na wa kuvuna, watoto hupungua darasani. Kutokuja siku nne zilizotawanyika katika mwezi si sawa na kutokuja siku nne mfululizo. Huyu wa pili ndiye wa kufuatiwa nyumbani. Ukihesabu jumla tu, hawa wawili ni sawa. Mzunguko unaobeba hesabu ya jana ndio uwatenganishao, ambapo 1 ni amekuja na 0 hakuja:

mfululizo <- 0
for (siku in mahudhurio) {
  if (siku == 0) mfululizo <- mfululizo + 1 else mfululizo <- 0
}

Hapa kopo humwagwa mtoto anapokuja tu. Mwisho wa orodha, tarakimu iliyobaki ni idadi ya siku ambazo mtoto hajaonekana hadi leo. Wanachuo waliofanya zoezi la punje huuelewa mzunguko huu kwa dakika chache, na wengi huuliza wenyewe kopo lirudi sifuri lini tunapotoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine. Amri ya ifelse peke yake haiwezi kuifanya kazi hii, kwa kuwa jibu la leo linategemea la jana.

Tulipoufundisha mzunguko huo hapa Kasulu, mwanachuo mmoja aliyekaa nyuma aliuliza itakuwaje siku ambayo mvua ilinyesha asubuhi yote na mwalimu hakuita daftari. Siku hiyo haina 1 wala 0. Ina NA, na mashine itagoma tena kama ilivyogoma mara ya kwanza. Darasa liligawanyika: wengine walitaka siku hiyo irukwe na hesabu ya jana ibaki, wengine walitaka mwalimu asimamishe kazi akaulize. Hatukuwapa jibu. Tuliuacha mstari huo ubaoni, ukiwa na nafasi tupu katikati, mpaka kipindi kilichofuata.