Tukiumia Majini, Nani Atatulipa?

Sisi tunaovuka kwa pantoni pale Magogoni, Dar es Salaam, alfajiri tunajua kusukumana. Geti likifunguliwa bodaboda wanakimbia, mama mwenye ndoo ya samaki anakimbia, na anayeteleza mlangoni mwa pantoni anajiokoa mwenyewe. Wenzetu wa Kunduchi na Msasani nao wanapanda boti kwenda Mbudya na Bongoyo, jaketi la kujiokolea mpaka ulidai.

Daladala ikikugonga, angalau sheria inalazimisha gari liwe na bima. Majini tabu inaanza mapema zaidi: utathibitishaje kuwa ulikuwemo? Unagonga kadi, geti linafunguka, jina lako haliandikwi popote. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka Ukara, Ziwa Victoria, Septemba 20, 2018, kilikuwa chombo cha abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220.

Tena tuna kawaida yetu mbaya. Mtu akianguka anapelekwa nyumbani, anakandwa maji ya moto, siku ya tatu uvimbe ukizidi ndipo anakumbuka polisi na fomu yao ya majeruhi, PF3. Hapo shahidi ameshakwenda zake na nahodha anasema hakuona kitu.

Ukifika kwenye sheria ndiyo unachoka kabisa. Pantoni ni la serikali, chini ya wakala wake, TEMESA. Anayetaka kuishtaki serikali lazima kwanza aipe notisi ya siku 90, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu, kisha afungue kesi Mahakama Kuu. Siku zote hizo, kibarua wa Mbagala aliyekuwa anabeba zege na sasa mguu umefungwa plasta, anakula nini? Wakili atamlipa kwa pesa gani? Mwenye nyumba anataka kodi mwezi ukiisha. Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka mitatu, na wengi wetu tunaambiwa imeshapita.

Zikitokea ajali kubwa, kama ya meli ya Spice Islander mwaka 2011 au ya MV Skagit iliyotoka hapa Dar Julai 18, 2012, viongozi wanakuja na pole, magazeti yanahesabu maiti. Aliyevunjika nyonga akabaki hai hahesabiwi na mtu. Hilo ndilo linalotuuma, maana sisi wa Temeke na Kinondoni wengi tunaishi kwa nguvu za mwili.

Tunaomba bima ya abiria iwe ndani ya nauli, na pale kivukoni kuwe na dawati la kuandika jina la aliyeumia siku ileile. Na wewe msomaji, ukiumia usianze kukandwa. Chukua PF3 na ubaki na nakala, andika jina la chombo na simu za watu wawili waliokuona, kisha nenda kwa watoa msaada wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inataka asiye na uwezo asaidiwe bure.